Kocha Hakungoja Filimbi

Tukiwa tunaongoza, Kocha hakuwahi kungoja filimbi ya mwisho. Zikibaki dakika chache alisimama, akajipangusa suruali kwa kofia yake, akapita nyuma ya goli na kushika njia ya kupanda kwenda Kapsoit, kwenye kinu chake cha kusaga unga. Mara nyingi tulisikia kinu kikinguruma kabla hatujamaliza kushangilia. Tukifungwa, mambo yalikuwa kinyume. Alikaa mpaka mwamuzi aondoke, akasaidia kukunja nyavu, akatembea na yule wa mwisho kabisa. Siku moja nilimuuliza sababu. Alinijibu bila kuniangalia: "Kushinda mnaweza bila mimi, Digrii. Kushindwa ndiko kunataka mtu."

Digrii ni mimi. Nilisomea takwimu chuo kikuu, nikahitimu, nikarudi nyumbani kuchuma majani chai na mama huku nikituma maombi ya kazi. Katika timu nilikuwa kipa wa akiba, na pia katibu, kwa sababu huku kwetu mtu aliyesoma lazima apewe kitu cha kuandika. Nina ugonjwa wa kufikiria. Jambo dogo nalichemsha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka linabaki maji ya rangi tu. Kwa hiyo watu walipoanza kusema kwamba Kocha anaondoka, nilirudia kila kitu nilichojua juu yake, nikitafuta jibu. Ninachoandika hapa ndicho nilichokipata.

Habari ilianza na gari. Gari jeupe, safi, la watu wa Nakuru, lilisimama mbele ya kinu siku ya soko likaondoka limepakwa unga. Jioni ile kila mtu alijua kwamba timu kubwa ya ligi kuu inamtaka mtu wetu. Haikuwa ajabu. Alikuwa ametupandisha daraja mara mbili, sisi ambao kabla yake tulikuwa tunaazimana viatu, na mara nyingine kipa alikuwa yeyote aliyechelewa kufika. Sasa tulibakiza hatua moja tufike ligi ya kitaifa, na hatua hiyo hakuna aliyeamini tunaweza kuipiga bila yeye.

Kwenye kituo cha kununulia majani, wanawake wakingoja lori, hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Ataenda. Mimi nawaambia ataenda. Nani anakataa kuvaa suti?"

"Suti ya nini? Huyo hata kanisani anakuja na unga kwa nyusi."

"Na hiyo kinu atamwachia nani?"

"Kinu ni jiwe tu, mama. Jiwe linauzwa."

"Wewe Digrii, si ulisomea hesabu? Hebu tupigie, anaenda ama anabaki?"

Wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini usiku huo sikulala vizuri. Nahodha wetu, mchumaji majani mwenye mapafu kama ya punda, alikuwa amekataa kazi ya ulinzi mjini ili acheze msimu mmoja zaidi chini ya Kocha. Wengine walikuwa na hesabu kama zake. Nami nilikuwa na yangu, ndogo na ya aibu. Katika Kapsoit nzima, Kocha alikuwa mtu mzima wa pekee ambaye hakuwahi kuniuliza kama nimepata kazi.

Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani kwa miaka ya kuinua magunia. Unga ulimkaa kwenye nyusi na masikio, hata akioga, hata Jumapili. Watoto waliamini amezaliwa na mvi. Wachezaji aliwachagua kinuni. Mtu akileta mahindi alimtazama anavyoshusha debe, anavyosubiri foleni, anavyojibu akiudhiwa. Beki wetu wa kati alipatikana hivyo. Alikuja na gunia la mama yake, mtu akampita kwenye foleni, naye akasogea hatua moja tu, kimya, na yule mtu akajikuta hana pa kupita. Kocha akazima mashine. "Wewe," akasema, "kesho uwanjani saa kumi."

Watu wakimsukuma awachezeshe vijana wadogo wenye vipaji alikataa. "Mahindi mabichi yanaziba jiwe," alisema. Akirudia hivyo ulijua mjadala umekwisha. Lakini huyu huyu aliyehubiri subira hakuweza kungoja chai ipoe. Aliimwaga kwenye sahani na kuinywa kama mtu anayefukuzwa. Aliingia kanisani wa mwisho na kuketi kwenye benchi la mlangoni. Kwenye harusi alikula amesimama. Nilipokuwa mdogo niliona ni haraka ya mtu mwenye kazi nyingi. Baadaye, nilipoanza kufikiria, niliona jambo lingine, na nikatamani nisingeliona.

Wakati wa mechi hakupiga kelele. Alisimama pembeni akiwa na kiazi kilichochemshwa mfukoni, kimefungwa kwa karatasi. Akiridhika na mchezo alikitoa akakimenya polepole kwa ukucha, akala bila chumvi. Asiporidhika kiazi kilibaki mfukoni. Timu nzima ilicheza ikiangalia ule mkono. Siku moja tulikuwa tunaongoza mabao mawili na kiazi bado hakijatoka, nahodha akamwendea wakati wa kurusha mpira. "Kocha, si tunashinda? Mbona huli?" Akajibu, "Nyinyi mnashinda. Mpira wenu unashindwa." Tukarudi tukacheza kama tumefungwa.

Uwanja wetu una mteremko. Kila uwanja huku una mteremko, maana ardhi tambarare ilipandwa chai zamani. Upande wa chini mpira ukitoka unaingia kwenye majani na kushuka mpaka mtoni, na mechi inasimama hadi urudi. Makocha wengine waliona hiyo ni balaa. Yeye aliufanya mteremko kuwa mchezaji wa kumi na mbili. Akishinda kura alichagua kupanda kipindi cha kwanza, ili wageni wajidanganye kwamba wana nguvu, kisha kipindi cha pili tuwashukie na mvua ya alasiri ikiwa imeanza. "Mpira haujui kabila," alisema, "lakini mteremko unaujua."

Watu walipenda kuikariri nusu ya kwanza ya maneno hayo. Waliiandika hata nyuma ya jezi za mazoezi. Nusu ya pili waliiacha.

Yeye ni mtu wa jamii iliyotoka upande wa kati, wakaja zamani kufanya biashara na kulima, kwanza Kedowa, kisha huku. Kikipsigis alikiongea kuliko mimi. Mzee akija kinuni waliamkiana "Chamgei" na kwenda mbali sana katika maneno ambayo mimi nilihitaji kuuliza nyumbani. Na mama yake, ambaye sote tulimwita Shosho, aliongea Kikikuyu, kwa sauti ya chini, hata wakiwa peke yao. Uwanjani Kocha hakuruhusu hata lugha moja kati ya hizo mbili. Ni Kiswahili tu. Nahodha alilalamika kwamba akiwa na hasira Kiswahili kinamponyoka. "Ndiyo maana," Kocha alimwambia. "Ukitukana kwa lugha ya mama yako, unatukana vizuri sana. Kwa Kiswahili sote tunagugumia. Tuko sawa."

Kabla ya mechi tuliomba, lakini alitukataza kuomba ushindi. "Ombeni mtu asivunjike mguu. Bao msiombe. Wale wengine pia wameomba. Mnamchosha Mungu."

Mechi moja tu alinipanga niwe golini, kipa wetu alipougua. Ikaja penalti. Nilikuwa nimemchunguza mpigaji kipindi chote. Nilijua anapenda kona ya kushoto, lakini pia nilijua kwamba ameniona nikimchunguza, kwa hiyo atapiga kulia, isipokuwa kama amejua kwamba najua. Nilikuwa bado nimesimama katikati mpira ulipokuwa unatolewa wavuni. Baada ya mechi Kocha alinipa nusu ya kiazi, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa mtu yeyote. "Digrii," akaniuliza, "pale ulikuwa unaandika insha?" Hakuniweka golini tena, na hakuacha kunipa nusu ya kiazi.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao. Hilo ndilo nililolifikiria kupita yote, zile wiki za uvumi. Mtu mwenye kinu, aliyeheshimiwa, na majirani wake wote wamejenga kwa mawe, yeye alikaa kwenye mbao na mabati. Si kwamba hakuwa na mawe. Yalikuwa pale uani, yamechongwa, yamepangwa vizuri karibu na geti, na kuvu ya kijani ilikuwa imeyafunika yote. Kila mwaka alisema anajenga mwaka ujao. Watu walimcheka kwamba ni bahili. Wengine walisema anangoja kuoa tena, maana mkewe alifariki kitambo.

Kuna mwaka huku hatuutaji kwa jina. Ukimuuliza mtu mzima anasema "ule mwaka" na kuanza kuongea juu ya mvua. Mimi nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni kinu kukaa kimya, na mama kutwanga mahindi kwa mkono, na nyumba ya Kocha kuwa mahali peusi palipoungua kwenye nyasi, wenyewe wameondoka usiku. Kisha msimu mwingine akarudi, na mama yake, akajenga ya mbao, akawasha kinu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimpa mahindi, akasaga. Baadaye akaanza kufundisha vijana mpira, wakiwemo watoto wa watu ambao sijui walikuwa wapi ule mwaka na sitaki kujua. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mara moja kwa nini alirudi. Alisema, "Jiwe la kinu ni zito. Ningeenda nalo wapi?" Lilikuwa jibu la mzaha, na nililipokea kama mzaha kwa miaka mingi. Wakati wa uvumi nililichemsha upya. Mtu anayejenga kwa mbao anaweza kuzipakia. Mtu anayekaa benchi la mlangoni ameshaupima mlango. Nilimwambia mama.

"Mwanangu," mama alisema, "pengine anapenda hewa."

Wazee wa timu hawakutaka kungoja hesabu zangu. Mwenyekiti, ambaye ana shamba Sosiot na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alisema mambo ya mtu kukaa hayazungumzwi kwa simu. Mtu huombwa, kama msichana anavyoombwa kwao. Na kuomba kuna utaratibu wake. Mnaenda alfajiri, kabla hajaamkiana na mtu mwingine. Hamtumi habari mbele, maana mtu aliyeonywa huandaa kukataa. Mnaenda wazee kadhaa, na fimbo zenu, kwa sababu mzee bila fimbo ni mpita njia. Na mnabeba mursik kwenye kibuyu, maziwa yaliyolala yakaiva, ili akikubali mnywe pamoja. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Mgeni haombwi hivyo. Kwa kumwendea hivyo walikuwa wanasema, wewe ni wa kwetu.

Nilichukuliwa mimi kama katibu, niweze kueleza maneno ya mkataba ikibidi. Tulikuwa watano. Kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu, na mwenyekiti alificha kibuyu ndani ya koti lake ili kisilowe. Wazee walikuwa wamejifunika mablanketi. Tulitembea kimya, maana mtu hapigi kelele akienda kuomba. Nakumbuka niliogopa tu kwamba Kocha atakataa. Katika mambo yote niliyoyafikiria njiani, lile lililotokea silo nililolifikiria.

Mwenyekiti aligonga geti la mabati kwa fimbo yake. Aligonga kwa adabu, mara tatu, akiacha nafasi. Lakini bati alfajiri halijui adabu. Mbwa akabweka, kisha akanyamaza, kama aliyenyamazishwa. Tukasubiri. Hakuna taa iliyowashwa. Mwenyekiti akagonga tena.

Geti lilifunguliwa na Shosho. Alikuwa amevaa tayari, koti, kitambaa kichwani, viatu vya kufunga kamba. Mkononi alikuwa na kiondo kilichojaa mpaka shingoni, blanketi limechomoza juu, na kando ya blanketi, Biblia. Mtu hawezi kupanga kiondo hivyo kwa muda ule mfupi. Kilikuwa kimepangwa siku nyingi. Alituamkia kwanza, kwa Kikipsigis, kama jirani. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, ili tusimkosee kuelewa:

"Tunaenda wenyewe. Hakuna haja ya kelele. Mwacheni kijana avae viatu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kofia ya mwenyekiti. Akaivua. Akafungua koti, akatoa kibuyu, akakishika kwa mikono miwili.

"Shosho," akasema, na sauti yake ya kuita ng'ombe haikuwepo, "tumeleta maziwa."

"Maziwa ya nini?"

"Ya kumwomba mtoto wako akae."

Alitazama kibuyu. Akatazama fimbo, moja baada ya nyingine. Kisha akaketi juu ya yale mawe yenye kuvu, na mzee mmoja akaja akaketi kando yake. Kocha akatokea mlangoni amevaa viatu. Alituangalia sote, na akatabasamu, tabasamu la mwenye nyumba. "Karibuni, wazee. Mbona mmesimama kwa mvua?" Tuliingia. Alikunywa mursik, akashukuru, "Kongoi, kongoi mising." Akampa mama yake, naye akanywa, na kumrudishia mwenyekiti kibuyu kwa heshima. Walizungumza juu ya msimu, juu ya daraja, juu ya uwanja. Hakuna aliyetaja mkataba. Kocha alisema atatoa jibu baada ya mechi ya mwisho. Muda wote huo, zaidi ya saa nzima, Shosho alikuwa ameketi na sisi, anajibu akiulizwa, hata alicheka mara moja. Kiondo hakikutoka mkononi mwake.

Tukarudi hadi barabarani. Hapo mwenyekiti akasimama.

"Tumeenda kumwomba mtu akae," akasema, "tukamwonyesha njia ya kutoka."

"Lakini alikunywa," mzee mwingine akasema. "Mtu akinywa, amekubali."

"Alikunywa," mwenyekiti akakubali.

Mechi ya mwisho tulishinda, na Kocha aliondoka kabla ya filimbi, kama kawaida. Hakutoa jibu siku ile wala kesho yake. Wiki iliyofuata lori lilishuka mpaka uwanjani likiwa limebeba mawe. Yalikuwa mawe yake, yale ya uani. Alikuja mwenyewe na fundi, akapima kwa kamba, wakaanza kujenga ukuta mfupi upande wa chini, ili mpira usiingie tena kwenye chai. Kijiji kizima kilishuka kusaidia. Wanawake walileta uji. Nahodha alibeba mawe begani akiimba.

"Mmeona? Anajenga uwanja! Mtu hajengi mahali anapoondoka!"

"Nilisema mimi! Maziwa yalifanya kazi."

Nilibeba mawe pamoja nao. Nilikuwa nasugua kuvu kwa brashi, na kila jiwe nililolisugua lilinitia baridi. Walikuwa wanaangalia ukuta unaoinuka. Mimi nilikuwa nafikiria uani kwake, pale ambapo sasa hapakuwa na kitu. Mtu aliyekuwa anasema "mwaka ujao" ameacha kusema. Nilitaka kumwambia nahodha, lakini alikuwa anaimba, na sikuwa na hakika, na mimi sina hakika ya kitu chochote. Jioni Kocha alipita karibu nami akanitazama machoni. "Digrii," akasema taratibu, "usiwaambie. Waache wamalize ukuta."

Waliondoka mwisho wa mwezi, yeye na mama yake, mchana, kwa lori la kukodi, na watu wakiwapungia. Ilikuwa heshima, nyimbo zilikuwepo, mwenyekiti aliomba. Nilifurahi kwamba ilikuwa mchana. Kinu kilinunuliwa na kijana wa Kedowa ambaye anakiwasha saa anazotaka yeye. Timu ilipata kocha mwingine, mtu mzuri, anapiga kelele sana. Hatukupanda daraja, si msimu ule wala uliofuata. Hatukushuka pia. Nahodha alienda kuulizia ile kazi ya ulinzi, akaambiwa ilishachukuliwa.

Nilimwona Kocha tena mwaka huu, Jumamosi moja, tulipokuwa tunacheza nyumbani. Nilikuwa nimeketi kwenye ukuta wake, na fulana yangu ya akiba, na nikahisi mtu ameketi kando. Hakuwa na unga kwenye nyusi. Zilikuwa na mvi kweli, wale watoto walikuwa wamemsingizia tu mapema. Timu yake ya Nakuru inafanya vizuri, na tayari magazeti yanauliza kama atabaki huko au atachukuliwa na wengine. Nilimtania juu ya hilo. "Wanauliza sana," akasema. "Huko wanauliza kwa maikrofoni. Hakuna anayeleta maziwa."

Hakuniuliza kama nimepata kazi.

Tulitazama mchezo. Tulikuwa tunashuka, kipindi cha pili, na tukafunga. Alitoa kiazi mfukoni, akamenya, akanipa nusu. Ndipo nikauliza. Nilikuwa nimelibeba lile swali tangu ile alfajiri, nimeligeuza kila upande, na likatoka vibaya.

"Kocha, kama ungejua siku ile kwamba wanakuja kukuomba, kama wangepiga simu tu, ungebaki?"

Alitafuna kwanza.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa dirishani. Shingo ya kibuyu ilikuwa imetokeza kwa koti ya mwenyekiti. Nikajua ni maziwa. Nikaanza kutafuta viatu, nimefurahi kabisa, wewe. Mimi, kuombwa vile! Kumbe mama ameshafika kwa geti."

"Lakini si aliona kibuyu baadaye? Si alikunywa?"

"Alikunywa. Na jioni akapanga kiondo tena." Akafuta vidole kwa karatasi. "Mimi niliona kibuyu, Digrii. Yeye aliona fimbo. Wazee hawakukosea na yeye hakukosea. Sasa wewe umesoma. Niambie, kwa nyumba moja, mtu anakaa kwa macho ya nani?"

Nilikuwa na majibu manne na hakuna lililokuwa jibu.

"Anaendeleaje, Shosho?"

"Analalamika ngazi. Tuko ghorofa ya pili, magoti yanamsumbua. Hewa ya huko haimpendezi. Anasema chai yao ni maji ya kuosha sufuria. Anauliza habari za mama yako." Akakunja ile karatasi. "Juzi nimeingia nikaona kiondo kimetundikwa jikoni. Nikakishika. Vitunguu."

Alisema hilo neno moja kama mtu anayetaja mali. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine. Kwa miaka yote aliyoishi kati yetu, akatusagia unga na sisi tukamjazia salamu, hatukuwahi kumpa mahali pa kuweka vitunguu.

Zilibaki dakika chache. Tulikuwa bado tunaongoza kwa lile bao moja. Mvua ilianza upande wa Sosiot, ikawa inakuja juu ya chai kama pazia. Niliona mkono wake unakwenda kwenye kofia, na nikajua. Alijipangusa suruali. Ndipo nikafanya jambo ambalo yeye mwenyewe alitukataza. Niliomba bao, na nililiomba kwa ajili ya wale wengine. Niliomba kwa moyo wangu wote mshambuliaji wao, kijana mwembamba ambaye hakuwa amenikosea chochote, atufunge, tusawazishiwe, tupigwe hata mawili, ili mtu mmoja akae mpaka mwisho. Kijana alipata nafasi. Alikuwa peke yake na kipa wetu. Nilisimama juu ya ukuta. Akapiga, mpira ukagonga mwamba, ukarudi, beki akauondoa, na watu wetu wakapiga kelele za shukrani zilizosikika mpaka barabarani.

Filimbi ililia. Niligeuka.

Nahodha alikuja mbio, amelowa, ameshika viatu mkononi, anacheka. "Wanasema Kocha alikuwa hapa! Yuko wapi? Nimwamkie!"

Mwenyekiti alikuwa ameketi mwisho wa ukuta, fimbo yake ameilaza chini, kwenye nyasi, kama alivyozoea siku hizi. Alitazama njia inayopanda kwenda Kapsoit.

"Si mmeshinda?" akasema.